Mazoezi ya bega kwa wacheza gemu: mazoezi safi, kocha hana adabu

Nilijiunga na huduma moja ya mtandaoni inayojinadi kuwa na mazoezi ya kuimarisha bega, maalumu kwa sisi wacheza gemu. Bega langu la mkono wa mausi lilikuwa linanisumbua, hata kuvua fulana ni vita. Wiki za mwanzo sikuwa na neno. Kisha nikamwandikia kocha, kwa heshima zote: lile zoezi la kulala kifudifudi na kunyanyua mikono kwa umbo la Y linanichoma mbele ya bega, niendelee au nipunguze?

Jibu lake: "Tatizo lako ni gemu, siyo bega. Katafute kazi ya maana."

Jamani! Huduma ni ya wacheza gemu, tangazo lina picha ya mcheza gemu, na pesa ya mcheza gemu aliipokea bila kuuliza nafanya kazi gani.

Tusi ningelimeza. Kinachoniuma ni kwamba swali hakulijibu. Tundu la bega ni dogo na halina kina, kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa. Ni kama mpira juu ya kisosi. Kazi kubwa ya kukituliza pale inafanywa na misuli 4 midogo inayokizunguka, ikisaidiana na ile inayoongoza kombe la bega. Sasa kiungo cha namna hiyo kikichoma katikati ya zoezi, kocha si ndiye wa kwanza kutaka kujua? Na haya yote, cha ajabu, nimeyasikia kwenye video zake mwenyewe!

Mazoezi yenyewe siwezi kuyasingizia. Kuna pushapu za ukutani ambazo viwiko havikunjwi, unasukuma makombe ya bega tu. Kuna kuzungusha mkono kwenda nje kwa mpira wa kuvuta, kiwiko kimebana ubavu (weka taulo iliyokunjwa katikati, utanishukuru). Mpira mwepesi kabisa, lakini nilitetemeka. Siku hizi nacheza mechi ndefu bila bega kupanda hadi sikioni. Au labda ni kwa sababu nilirekebisha kiti, kiwiko kikapata pa kuegemea. Sina hakika, ila nafuu ipo.

Kwa hiyo nilitaka kuandika: nyota nne, chukueni video, kocha msimsemeshe. Lakini nikiwaza mtu ambaye bega lake limewahi kuteguka, akauliza kama nilivyouliza, akatukanwa, akaamua kuendelea kuvumilia tu... hapana, nyota mbili. Atakayejiunga ajue anajiunga na video, kocha hayupo.

Nimefungua tena programu yao sasa hivi nipige picha ya lile jibu. Swali langu limewekewa alama ya kijani: "Limetatuliwa." Haya, nyota moja.