Koki, nipeli na raba za pipa la kimea: uzoefu wangu

Kujitengenezea nyumbani pipa la kimea, yaani chombo cha kulowekea kimea cha bia kwenye maji ya moto, ni kazi nyepesi mpaka ufike kwenye tundu la koki. Boksi la barafu lipo, kimea kipo, maji ya moto yapo. Kinachomchelewesha mtu ni vile vipande vidogo vya chuma na raba vinavyopita kwenye ukuta wa boksi, ambavyo ndivyo vinavyoamua kama maji matamu ya kimea yatatoka safi au yataishia sakafuni. Nimevinunua kwa seti na pia kimoja kimoja, nimevifunga na kuvifungua, nimepikia bia navyo, na sasa nina msimamo kuhusu kipi kinastahili pesa na kipi hakistahili.

Tuanze na kazi inayovisubiri. Ndani ya pipa hukaa uji wa kimea kilichoparazwa, joto lake kati ya nyuzi 65 na 68 za Selsiasi, kwa muda wa saa moja hivi, ili vimeng'enya vigeuze wanga kuwa sukari. Baadaye huingia maji ya kusuuzia machicha (mabaki ya kimea), yenye nyuzi 75 au 76. Uji wenyewe una asidi kidogo, pH yake ikicheza kati ya 5.2 na 5.6. Kiungo cha bomba kinachofaa ni kile kinachovumilia joto hilo bila kulegea, kisichoachia kitu kibaya kwenye asidi, na kinachofunguka kirahisi kuoshwa. Ile koki ya plastiki inayokuja na boksi iliundwa kwa vinywaji baridi, kwa hiyo ng'oa tu. Mabomba ya plastiki ya PVC ya kawaida nayo yaache, kwani mwisho wake ni kama nyuzi 60. CPVC, ndugu yake anayevumilia joto, ndiyo inayofika kwenye nyuzi 93.

Sasa nipeli, yaani kile kibomba kifupi kinachopita ukutani. Chukua nipeli ya nusu inchi uipime upana wa nje. Utapata karibu milimita 21, yaani zaidi hata ya robo tatu ya inchi. Hiyo nusu inchi ni jina tu lililobaki kutokana na tundu la ndani la mabomba ya zamani, na kwenye kitu ulichoshika mkononi huwezi kukipata kipimo hicho. Kwa hiyo anayetoboa boksi atoboe kwa kufuata nipeli aliyoipima. Tundu likizidi milimita moja hakuna neno, lakini likizidi sana raba inakosa mahali pa kulalia.

Kisha kuna suala la hesi, yale meno ya kuzungushia, na hapa ndipo seti nyingi zinazouzwa zinapoharibika. Kuna BSP, yenye asili ya Uingereza na inayotumika nchi nyingi, na kuna NPT ya Marekani na Kanada. Kwenye nusu inchi zote mbili zina hesi 14 kwa kila inchi, kwa hiyo kipande cha familia moja kinakubali kuanza kwenye kipande cha familia nyingine. Kinazunguka mara kadhaa, kinakaza, na mkono unakwambia kimekamata. Hakijakamata. Meno ya BSP yamechongwa kwa pembe ya digrii 55 na ya NPT kwa digrii 60, hayalaliani, na maji yanapata njia ya kufuata hesi hadi nje. Tepu nyeupe ya mafundi bomba, hata uizungushe kwa wingi, haiwezi kutegemewa kuziba tofauti hiyo. Seti moja niliyoinunua ilikuja na koki ya NPT na ncha ya kuvalia mpira ya BSP ndani ya mfuko mmoja, bila maelezo yoyote. Muuzaji alinibadilishia, ila ilinibidi nisubiri, na tangu hapo seti siziamini mpaka nisome kilichochapwa kwenye kila kipande. Ukiona G 1/2 au R 1/2, hiyo ni BSP. Ukiona NPT, imejitaja yenyewe. Kipande kisicho na alama yoyote mimi sikinunui.

Hizo herufi G na R zina maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. G ni hesi zilizonyooka, R ni hesi zinazochongoka kuelekea ncha. Zinazochongoka huziba kwa kubanana zenyewe, kadiri unavyokaza, na tepu inazisaidia. Zinafaa sana pale koki inapokutana na nipeli. Ukutani hazifai. Pale unataka nati itembee huru mpaka igandamize raba, na nati juu ya hesi zinazochongoka hukwama kabla haijafika. Utakaza kwa nguvu zako zote ukidhani unaibana raba, kumbe unabana chuma kwa chuma na raba imekaa tu, haijaguswa. Viungo vya NPT nilivyowahi kushika, ambavyo hesi zake nazo huchongoka, vilijaribu kuokoa hali hii kwa kuongeza washa (pete bapa za chuma) moja juu ya nyingine hadi pengo lijae. Inafanya kazi, lakini kila washa ni mahali pengine pa uchafu kujificha. Kiungo changu cha sasa ni cha hesi zilizonyooka chenye nati ya kubana kila upande, na ndicho ninachokipendekeza bila kusita.

Urefu wa nipeli nao utazame vizuri. Boksi la barafu lina kuta mbili za plastiki na povu katikati, na viungo vingi vinavyouzwa kwa ajili ya pombe vilibuniwa kwa masufuria ya chuma, ambayo unene wake ni milimita moja au mbili. Ukikileta kiungo cha namna hiyo kwenye ukuta wa sentimita tatu, hakitokei upande wa pili, au kinatokea kidogo tu na nati inashika hesi mbili. Jumlisha unene wa ukuta, nati mbili, washa na raba, kisha ongeza nafasi ya koki upande wa nje na ya chujio upande wa ndani. Hapo ndipo uagize.

Raba ikae ndani, upande wa uji. Hili nalisema kwa mkazo kwa sababu maelezo ya seti mbili tofauti niliyoyasoma yalionyesha raba ikiwa nje peke yake. Raba ikiwa nje tu, kiungo kitaonekana kizima, hakidondoshi hata tone, huku maji matamu yakipenya kwenye povu kila unapopika. Huko hakuna brashi inayofika. Kitakachokwambia ni harufu ya uchachu siku unafungua mfuniko, na wakati huo boksi lenyewe limeshakwenda. Upande wa nje naweka washa pana ya chuma ili nguvu ya nati isambae, kwa sababu povu likibonyea haliinuki tena, na likibonyea raba ya ndani inalegea. Nakaza kwa mkono mpaka inakataa, kisha robo mzunguko kwa spana huku nimeishikilia nati ya ndani isizunguke na kuikunja raba. Zaidi ya hapo ni kuumiza plastiki.

Raba yenyewe iwe ya silikoni ya daraja la chakula. Silikoni inavumilia joto kupita nyuzi 200, kwa hiyo pipa la kimea kwake ni mchezo. Raba nyeusi zisizo na jina, zile za kwenye mafungu ya vipuri vya bomba, nimeziacha. Ninayoitilia shaka naiweka kwenye kikombe cha maji ya moto, nakifunika, naacha yapoe, halafu nanusa. Kama maji yananukia tairi, bia nayo itanukia tairi. Na ukimaliza kufunga kila kitu, jaribu kwa maji ya moto, usijaribu kwa maji ya bombani. Plastiki hutanuka ikipata joto, na kiungo kilichokaa kimya kwenye ubaridi kinaweza kuanza kudondosha ukifika nyuzi 70.

Kuhusu aina ya chuma, watu hubishana sana, mimi naona jibu ni fupi. Chuma cha pua cha daraja la 304 kinatosha kabisa. Daraja la 316 ni zuri zaidi kwenye chumvi na klorini, lakini kimea hakidai hilo, na tofauti ya bei haijalipa chochote kwenye pipa langu. Shaba ya manjano inatumika pia, ila mara nyingi huchanganywa na risasi kidogo ili ichongeke vizuri. Tafuta ile iliyoandikwa kuwa haina risasi. Kwa sheria ya Marekani, tangu 2014, maana yake ni isiyozidi asilimia 0.25 kwenye sehemu zinazoguswa na maji. Kama una kipande cha zamani, watengenezaji wengi wa bia za nyumbani hukilowesha dakika chache kwenye siki nyeupe sehemu mbili na haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 sehemu moja, mpaka kipate rangi ya siagi, wakakisuuza. Hiyo huondoa risasi ya juu juu. Ukiona maji yanageuka kijani, kitoe mara moja, dawa imeanza kula shaba yenyewe. Kitu cha kukikataa moja kwa moja ni chuma kilichopakwa zinki. Asidi ya uji huimenya zinki, na unachokunywa ni hiyo zinki.

Koki ninayotumia ni ya tufe, ile ya mkono unaozungushwa robo tu. Zipo za vipande viwili na za vipande vitatu. Ya vipande vitatu unalegeza bolti, sehemu ya katikati inachomoka, na unaona kila kitu: tufe, na vile viti viwili vyeupe vinavyolibana. Nilipoifungua yangu baada ya kuitumia kwa muda nilikuta utando wa kahawia umejibana nyuma ya kiti kimoja, mwembamba, wa kunata, na unga wa kimea umeganda ndani yake. Kwa suuza ya kawaida usingetoka. Hata hivyo sitamwambia mtu aliyebanwa na bajeti aanze na koki hii. Maji yanayotoka kwenye pipa la kimea yanaenda kuchemshwa, kwa hiyo vijidudu vya hapa vinakufa kwenye sufuria. Koki ya vipande vitatu inastahili zaidi upande wa baada ya kuchemsha. Kwenye pipa hili ya vipande viwili inatosha, mradi uioshe ikiwa imefunguliwa nusu, ili maji yaingie kati ya tufe na mwili wake. Cha kutazama zaidi ni tundu la tufe liwe pana sawa na bomba. Zile za tundu lililopunguzwa hukamata maganda na kuziba katikati ya kazi, na mtu anailaumu chujio bure.

Na chujio je? Nimetumia aina mbili. Ya kwanza ni wavu wa waya unaotolewa kwenye mpira wa sinki: unakata ncha mbili, unavuta mpira wa ndani, unabaki na wavu, unaukunja ncha moja na kuubana kwa klipu. Ni nafuu na unachuja vizuri ajabu. Udhaifu wake ni kwamba uzito wa kimea huulalia ukabonyea, hivyo ndani yake nimeingiza waya wa chuma cha pua uliokunjwa mithili ya springi. Kagua pia kama wavu ni chuma kweli, maana mipira mingine imevikwa plastiki iliyopakwa rangi ya fedha. Uzi mmoja kwenye moto wa kiberiti unamaliza ubishi. Aina ya pili ni sakafu ya matundu inayofunika kitako chote cha pipa. Hii ni bora kwa anayesuuza machicha polepole kwa kumwagia maji juu bila kukatiza, kwa sababu inavuta maji sawasawa kutoka kila upande. Mimi husuuza kwa mkupuo, namwaga maji yote, nakoroga, natoa, na kwa namna hiyo wavu haujawahi kuniangusha. Sakafu ya matundu nimeirudisha kwenye sanduku.

Kama tundu la koki liko juu kidogo ya kitako, weka elbo (kiungo kilichopinda) ndani ikitazama chini. Maji yaliyobaki chini ya usawa wa tundu yatavutwa, mradi muunganiko usiingize hewa. Nje, mpira wa silikoni wa upana wa nusu inchi kwa ndani, uvalishwe kwenye ncha na kubanwa kwa klipu. Fungua koki kidogo kwanza. Ukiifungua yote kwa pupa, kimea hushuka kwa kishindo na kujigandamiza juu ya chujio. Maji ya mwanzo yenye unga nayarudisha juu taratibu mpaka yatoke maangavu.

Seti nyingine niliyonunua ilikuwa na kipima joto cha kupitishwa ukutani, na hicho sikukifunga. Husoma joto la uji ulio karibu na ukuta tu, wakati katikati panaweza kuwa na tofauti ya nyuzi kadhaa, na vimeng'enya vinaijua tofauti hiyo. Tena kinadai tundu la pili, na nati, na raba nyingine ya kulinda. Natumia kipima joto cha mkono chenye mshale mrefu, nainua mfuniko, nakoroga, napima sehemu mbili tatu, nafunika. Tundu kwenye boksi langu ni moja tu.