Mangwe ya Utange: mahali mnazi unapouzwa kwa saa yake

Mangwe, yaani kilabu cha pombe ya mnazi, ninayoizungumzia iko Utange, upande wa ndani wa barabara ya Mombasa kwenda Malindi, mahali ambapo nyumba za mawe zinazidi kusongamana lakini minazi mirefu bado imesimama kati ya kiwanja na kiwanja. Haina ubao wa jina wala taa za rangi. Kutoka mjini unapanda matatu inayovuka Daraja la Nyali, unashuka barabarani, kisha unachukua pikipiki na kumwambia mwendeshaji akupeleke kwa wagema. Nimekunywa mnazi katika mangwe nyingi za Kisauni, Likoni na Mtwapa, na kwa maoni yangu hii ndiyo inayostahili safari ya kutoka kisiwani, kwa sababu moja inayozipita nyingine zote: hapa mteja huambiwa, hata kabla hajauliza, mnazi uliomo mtungini ulishushwa saa ngapi.

Anayeona hilo ni jambo dogo huenda hajawahi kumtazama mgema kazini. Mgema huchagua karara, yaani ganda linalofunika maua ya mnazi, ambalo halijapasuka, hulifunga kwa kamba lisifunguke, hulikata ncha kwa kotama, kisha hutundika chombo chini yake ili utomvu udondokee humo. Tangu hapo ataupanda mti ule ule asubuhi, adhuhuri na jioni, na kila akipanda atapunguza ncha kwa mkato mwembamba ili jeraha lisizibe. Utomvu hutoka mtamu, bila kileo chochote. Lakini chachu iliyomo hewani, kwenye karara na katika masalio ya chombo huanza kazi papo hapo, juu mtini, hata kabla ya mgema kurudi kuuchukua. Sukari hugeuka kuwa kileo na gesi, na ndiyo maana mnazi hutoa povu bila kuwekwa motoni. Baada ya saa chache huwa kilevi chepesi. Kufikia kesho yake huwa mkali na mchachu, na ukiachwa zaidi bakteria hukigeuza kileo chenyewe kuwa siki. Ni vigumu kuusimamisha mwendo huo bila kuuchemsha au kuugandisha, na mnazi uliochemshwa haunyweki kwa raha ile ile.

Kwa hiyo mti mmoja hutoa, kwa siku moja, vinywaji vinavyotofautiana. Mnazi unaoshushwa asubuhi umedondoka usiku kucha na umekaa chomboni muda mrefu, hivyo hufika chini ukiwa tayari na nguvu. Ule wa adhuhuri umekaa saa chache tu, nao huwa mtamu ikiwa mgema aliosha chombo chake vizuri kabla ya kukitundika tena. Akiacha masalio mengi chini, hata utomvu uliokaa saa mbili tu huchacha. Wa jioni huwa kati ya hayo mawili, kwa kuwa joto la alasiri huharakisha kazi ya chachu. Mwenye mangwe asiyejali huimimina mitungi yote ndani ya pipa moja, akaongeza kilichobaki jana, na mteja akapewa kitu kisicho na asubuhi wala jioni. Wapo pia wanaotia maji, kisha wakatia sukari ili kuyaficha maji hayo. Najua wahenga walituonya juu ya kumsifu mgema, lakini wagema wa Utange wanaoileta mitungi yao hapa wanastahili sifa, na anayewapokea anastahili zaidi, kwa sababu ndiye anayekataa kuichanganya.

Yeye ni mama wa makamo ambaye wateja wote, hata waliomzidi umri, humwita Mama. Mitungi yake imepangwa kivulini juu ya ubao, na kila mmoja umefungwa kitambaa safi mdomoni badala ya kifuniko cha kukazwa, kwa kuwa mnazi ulio hai ukizibwa kabisa hukipasua chombo. Nilimwamkia, nikaomba mnazi wa mtungi uliokuwa karibu naye. Mgema mmoja mzee aliyeketi kando akamtangulia kunijibu: "Huo ni wa alfajiri, mwanangu, utakuchosha mapema. Ngoja kidogo, wa mchana uko njiani." Mama akaafiki kwa kichwa na kunionyesha mahali pa kuketi. Mfanyabiashara anayemshauri mteja asinunue kilichopo, akasubiri kilicho bora, ni mtu anayekijua anachokiuza na anayetaka kijulikane kwa uzuri wake, na katika biashara ya vileo mjini kwetu watu wa namna hiyo ni wachache mno.

Mtungi wa mchana ulipofika, Mama aliufungua mbele yetu, akachota kwa kata kiasi kidogo, akanywa yeye kwanza, ndipo akatumiminia sisi. Desturi hii ya Wamijikenda ya mwenyeji kuonja kabla ya mgeni ni ya kale, nayo inamhakikishia mgeni kwamba kinywaji hakina sumu wala hila. Katika siku hizi ambapo pombe zilizotiwa kemikali zimewapofusha na kuwaua watu nchini, naiona kuwa kinga yenye maana kuliko muhuri wowote uliobandikwa kwenye chupa. Mnazi uliletwa katika kibuyu kidogo pamoja na mrija ambao ncha yake imezungushiwa kipande cha kilifu, ule utando wa nyuzi unaopatikana kwenye shina la kuti, ili nyuki na chenga za karara zisipite. Nyuki huwa hawakosekani, kwani huufuata utamu huo hadi mtini, na mnazi usio na nyuki hata mmoja chomboni hunitia shaka.

Rangi yake ilikuwa ya maji yaliyooshewa mchele, na viputo vidogo viliendelea kupanda kutoka chini hata baada ya kibuyu kutulia mezani kwa muda mrefu. Hiyo ndiyo dalili ya kwanza ya kuiangalia, kwa kuwa mnazi uliotiwa maji hutulia upesi na huacha tabaka jepesi juu. Utamu hutangulia, lakini si utamu wa sukari ya dukani unaoganda mdomoni; hufuatwa mara moja na uchachu mwembamba pembeni mwa ulimi, kisha harufu ya chachu inayobaki puani. Baada ya muda niliomba pia kiasi kidogo cha ule wa alfajiri ili niulinganishe. Ulikuwa mkavu zaidi, wenye ukali unaoshika koo, na sikuona kasoro ndani yake; ni mnazi wa mtu aliyekwisha kula, anayetaka kunywa polepole huku akizungumza. Nilipendelea wa mchana, lakini wazee wawili waliokuwa wakicheza bao karibu nami hawakuugusa, wakisema huo ni wa watoto.

Nchini Uingereza wapo watu wanaoipenda bia yao ya jadi kwa sababu zinazokaribiana sana na hizi. Bia hiyo huendelea kuchacha ndani ya pipa ambamo itauzwa, haichujwi kuondoa chachu wala kupashwa moto ili kuiua, haisukumwi kwa gesi kutoka nje, na pipa likishafunguliwa inafaa limalizike ndani ya siku tatu hivi. Viwanda vikubwa vilipokuwa vikiiondoa sokoni na kuleta bia iliyouawa chachu yake, wanywaji waliunda chama cha kuitetea mwaka 1971, Campaign for Real Ale, nacho kingalipo. Kilichowachukua wanywaji hao ni imani kwamba kinywaji kilicho hai kinahitaji mlinzi wake pale pale kinapouzwa: mtu anayejua kila pipa lilifunguliwa lini, na ambaye yuko tayari kumwaga kilichoharibika kuliko kumuuzia jirani yake. Mnazi hauna hata hizo siku tatu. Una saa chache tu, na kwa hiyo unamhitaji mlinzi huyo zaidi. Mombasa hatuna chama cha kuutetea, ila tunao watu kama Mama wa Utange, na napenda wajulikane.

Hapa sina budi kuitaja sheria, kwa kuwa inaamua hata wakati wa kuja. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 inaruhusu vilabu kuuza kuanzia saa kumi na moja jioni siku za kazi, na kuanzia saa nane mchana mwishoni mwa juma na siku za sikukuu, hadi saa tano usiku. Kwa bia ya chupa saa hizo hazina madhara, maana chupa husubiri. Mnazi wa adhuhuri hausubiri. Siku ya Jumanne utakuwa umekwisha kubadilika kabla mlango haujafunguliwa kihalali. Jambo hili laonyesha kwamba waliopanga saa walikuwa wakiifikiria bia ya kiwandani, nami naona kaunti, ambazo Katiba imezipa mamlaka ya kutoa leseni za vileo, zingeweza kuwapangia wauzaji wa mnazi utaratibu unaolingana na kinywaji chao. Kwa sasa ushauri wangu ni kuja Jumamosi au Jumapili, saa nane na dakika chache, wakati mtungi wa mchana unapofunguliwa. Siku za kazi njoo jioni, ukiwa umejiandaa kwa mnazi mkali zaidi.

Mahali penyewe pana paa la makuti, mabenchi ya mbao yaliyolainika kwa kukaliwa, na mwembe mkubwa ambao kivuli chake huwatosha wale wasiopata nafasi ndani. Hakuna muziki wa kupasua masikio, jambo ninalolishukuru. Watu huzungumza. Mzee mmoja, kabla ya kuanza kunywa, alimwaga matone machache ardhini kwa ajili ya koma, yaani mizimu ya ukoo wake, akanong'ona maneno yake, na waliokuwa karibu wakanyamaza hadi alipomaliza. Majirani wengi wa mangwe hii ni Waislamu wasiotumia kileo, na nilipendezwa na jinsi jambo hilo linavyoheshimiwa: hakuna anayetoka nje na kibuyu mkononi, na wakati wa adhana sauti hushushwa bila mtu kuhimizwa. Mlevi anayeanza kutukana huambiwa na Mama kwamba mnazi umekwisha, hata mtungi ukiwa mbele yake.

Chakula ni kidogo lakini kizuri. Kuna mihogo ya kuchoma yenye pilipili na ndimu, viazi karai, na siku nyingine samaki wa kukaanga. Mihogo ndiyo inayofaa zaidi, kwa kuwa chumvi na ndimu huukata utamu wa mnazi wa mchana.

Ziko kasoro ambazo siwezi kuzinyamazia, hasa kwa kuwa ninawaalika wengine. Vibuyu na bilauri huoshwa katika beseni moja ambalo maji yake hayabadilishwi mara za kutosha, na kwa kinywaji kisichopitishwa motoni hilo ni jambo zito. Ndoo ya pili yenye bomba na sabuni ingelitatua kwa gharama ndogo, na nilimwambia Mama hivyo kwa adabu, naye alilipokea vizuri. Mirija nayo hurudishwa mezani baada ya kusuuzwa tu. Ninaleta wangu, na ninamshauri kila mtu afanye hivyo hadi utaratibu ubadilike. Choo kiko mbali, njia yake haina taa, na mwanamke anayekuja bila mwenzake ataona taabu baada ya magharibi. Mitungi ya plastiki pia hubakiza harufu ya mnazi wa juzi, na mnazi mtamu huichukua harufu hiyo upesi kuliko ule mkali. Mgema mmoja bado hutumia vibuyu vikubwa, na tofauti yake hutambulika kuanzia mnuso wa kwanza.

Chupa moja haifiki shilingi 100, bei ambayo ni chini ya nusu ya bia ya kiwandani katika baa za barabara kuu, na hakuna anayekuhimiza uongeze. Usidanganywe na wepesi wa mnazi wa mchana, kwani huendelea kuchacha mbele yako, na kibuyu ulichokianza saa nane si kile kile saa kumi. Usije kwa gari ukitarajia kuliendesha mwenyewe wakati wa kurudi. Mkija kundi kubwa, toeni taarifa siku moja kabla, maana mgema hawezi kuuamuru mti utoe zaidi ya unachotoa, nao wateja wa kila siku wana haki ya kupata chao kwanza. Mnazi usiouzwa haumwagwi. Huachwa kwenye mtungi wa pembeni ukageuka siki, na Mama huiuza kwa chupa ndogo kwa wapishi wa mtaani, wakiwemo wasiokunywa mnazi kamwe. Mimi huichukua kwa kachumbari na kwa samaki, na huwa nasisitiza nipewe iliyokaa muda mrefu zaidi, kwa kuwa ile changa bado ina ukali wa kileo.