Painti, nusu painti, chupa au kidumu? Uzoefu wangu na bia za Waingereza

Nipo Leeds, kaskazini mwa Uingereza, mwaka wa tatu huu, kwetu Moshi, kwahiyo kwenye mambo ya vinywaji sikuja mshamba kabisa. Lakini painti (ile glasi yao kubwa) yangu ya kwanza ya ile bia yao ya kahawia nilimuachia jamaa niliyekuwa naye. Haijapoa, gesi hakuna, inanukia kama mkate, nikasema hawa watu walizunguka dunia nzima wakashindwa kununua friji? Nikahamia kwenye laga, ile bia ya njano ya baridi yenye gesi, na nikakaa huko karibu mwaka.

Halafu jina lenyewe, wanaandika ale, mimi nikasoma Kiswahili nikajua kuna mtu anaambiwa ale, nikawa natafuta sahani iko wapi. Inatamkwa kama eil, hapa naandika eli tuendelee.

Kilichonirudisha ni mzee mmoja kazini, aliniambia kijana wewe umekunywa bia ya pipa kwenye baa ambayo pipa haliishi haraka. Hapo ndo nikaanza kufuatilia. Bia ya pipa inafika baa ikiwa hai, hamira bado inafanya kazi humohumo ndani, hawaisukumi kwa gesi, iko stoo ya chini ya jengo na mhudumu anaivuta kwa pampu ya mkono, ule mpini mrefu unaouona kaunta. Inatunzwa kwenye nyuzi kama 11 mpaka 13. Kwahiyo wale mnaosema ni bia ya moto sio moto kama tunavyoagiza sisi nyumbani "nipe mbili moja moto moja baridi", ule ni ubaridi wa maji ya mtungini. Ukiipoza kama laga unaua ladha yote, nimejaribu nyumbani, ikawa kama nakunywa maji machungu.

Sasa shida iko hapa, pipa likishatobolewa hewa inaingia na una kama siku tatu tu. Ni mbege ileile jamani, pombe yetu ya ndizi, ya leo tamu, ya keshokutwa unasikia uchachu mpaka kwenye taya. Pipa la kawaida la baa linaitwa fekini, galoni 9 za kwao, sawa na painti 72. Kuna dogo zaidi linaitwa pini, painti 36, na kubwa la galoni 18. Piga hesabu mwenyewe, baa ina pampu nane, Jumanne jioni wazee wanne na mbwa mmoja, hizo fekini nane zinaisha lini? Mimi nimeshakunywa siki kabisa kwenye baa moja ya namna hiyo, jina la baa silitaji, niliirudisha nikijua nitagombana, yule mama wa kaunta akaonja akasema pole mpenzi, akanibadilishia bila neno. (Msishtuke, huku Yorkshire kila mtu anaitwa mpenzi, hata dereva wa basi.) Siku hizi nachagua baa yenye pampu mbili tatu na watu wengi, na naomba kuonja kwanza, wanakupa kidogo bure na hawanuni.

Vipimo sasa. Painti yao ni mililita 568, kubwa kuliko chupa yetu ya 500. Sheria inaruhusu nusu, na theluthi, na tangu 2011 theluthi mbili pia ipo. Mwanzoni niliona aibu kuagiza nusu, nikijua watanicheka, lakini ukweli nusu ndo kipimo changu bora, kwa sababu eli inazidi kupata joto mezani na mimi ni mtu wa stori, painti nzima nikifika chini imeshakuwa chai. Theluthi nachukua kama baa ina aina nyingi, tatu zinawekwa kwenye kibao kimoja, unaonja kama uko sokoni. Na ule ugomvi wa povu upo kweli, glasi nyingi zinahesabiwa mpaka ukingoni na povu limo humohumo, kwahiyo kama amekujazia povu vidole viwili mwambie aongeze, ni haki yako na wenyewe wanafanya. Baa nyingine zina glasi kubwa yenye mstari, hizo safi, bia inafika mstarini povu linakaa juu hamna kesi.

Kuna kitu huku kaskazini wanafunga mdomoni mwa pampu, ka plastiki kenye matundu madogo, bia ikipita inatoka na povu zito kama maziwa. London wengi hawakitumii. Nilienda kumtembelea binamu yangu Croydon, hukohuko London, tukaagiza eli, inakuja iko bapa kabisa juu, nikamwambia hii imekufa, yeye anasema nyie wa kaskazini mnakunywa sabuni. Hatujaelewana mpaka leo. Mimi bado nasema lile povu linalainisha uchungu, ila nakubali na harufu inapungua kidogo.

Chupa ndo mkombozi wa nyumbani. Nyingi ni 500 kama zetu kwahiyo mkono unazijua. Ila msidhani ni bia ileile ya pampu, bia iitwayo London Pride kwa mfano, ya pipa ina asilimia 4.1 ya kilevi na ya chupa 4.7, na ya chupa imewekewa gesi, inakuwa kali zaidi ulimini. Angalia pia rangi ya chupa, kahawia ndo salama, chupa nyeupe mwanga unaingia unaharibu hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, na bia inatoa harufu ya ajabu, nilinunua moja ilikuwa imekaa dirishani dukani nikamwaga yote. Ukitaka inayokaribia ya pipa tafuta zile zenye hamira hai ndani, kama Fuller's 1845, hiyo kilevi ni asilimia 6.3 kwahiyo taratibu. Isimamishe wima tangu jana yake, mimina mara moja bila kuinua na kushusha, mashapo yaache chini. Mimi mara ya kwanza niliitikisa kama juisi ya pakti, usiniulize.

Makopo ya mililita 440 yenye kale kampira ka plastiki ndani kanakogonga ukitikisa, povu zuri, ladha hakuna. Nimemaliza.

Kidumu cha bati cha lita 5, hicho kimenitesa. Ni painti 8 na ushee, niliagiza mtandaoni kwa ajili ya kuangalia mpira na washkaji. Aliyekileta sijui alikibingirisha kutoka wapi, mimi nikakipokea saa kumi na saa kumi na moja nikafungua bomba bila kufungua hewa ya juu kwanza, ilitoka kwa presha mpaka kwenye pazia la mwenye nyumba. Iliyobaki ilikuwa na mawingu. Kosa nusu langu nusu lao, maelekezo yalikuwa chini ya kidumu, nani anageuza kidumu kilichojaa? Cha pili nilikiacha kitulie siku nzima sehemu ya baridi, nikafungua hewa taratibu, aisee kilikuwa kizuri kuliko baa nyingine nilizoenda. Lakini ukishafungua ni siku mbili tatu kama pipa, usinunue kama uko peke yako.

Ninachotumia sana siku hizi ni kile kidumu cha plastiki cha painti 4, kinafanana kabisa na cha maziwa, unakwenda nacho baa wanakujazia moja kwa moja kwenye pampu unakunywa nyumbani jioni hiyohiyo. Bei inatoka nafuu kidogo kuliko kukaa pale, na eli ni ya pipa kweli. Kifunge vizuri tu, mimi nilikiweka chini ya siti ya basi, likapiga kona, kikaenda mpaka kwa bibi mmoja wa mbele. Alikiokota, akanusa kifuniko, akaniuliza nimejazia baa gani.