Maduka ya kadi Akihabara: nenda kwa kadi za rejareja, pakiti ziache

Ukitoka kituo cha Akihabara, Tokyo, kwa lango la Electric Town, hutatembea sana kabla ya kulikuta jengo la Radio Kaikan. Lililopo sasa lilifunguliwa 2014, lina ghorofa 10, na ndani yake wauza kadi za mchezo wamebanana: Pokémon, Yu-Gi-Oh!, Magic, Duel Masters, One Piece. Mitaa ya jirani nayo imejaa maduka ya namna hiyo, mengine yakiwa juu kwenye majengo membamba ambayo mpita njia hawezi kujua kuna duka. Tunayapima hapa kwa pamoja, maana mnunuzi mzoefu huzunguka manne au matano kabla hajatoa hela.

Wingi huo una sababu. Mwaka wa fedha 2023 soko la vifaa vya kuchezea Japani lilivuka yen trilioni 1 kwa mara ya kwanza, na zaidi ya robo ya fedha hizo ilitokana na kadi. Kadi za Pokémon zilianza kuuzwa Oktoba 1996. Waliozifungua wakiwa shule ya msingi leo wana mishahara.

Ubora wa maduka haya uko kwenye kadi zinazouzwa moja moja. Kila kadi ya thamani imekaa kwenye kabati la vioo, ndani ya kifuko, ikiwa na bei na alama ya hali yake. Kwa kawaida A ni karibu mpya, B ina kasoro ndogo, C ina mikwaruzo ya wazi. Kila duka lina mizani yake, kwa hiyo soma maelezo ya ukutani kwanza. Huhitaji Kijapani. Chini kushoto kwenye kadi ya Pokémon kuna msimbo wa seti na namba: sv2a 201/165, kwa mfano, ni Charizard ex wa daraja la SAR (Special Art Rare, kadi adimu yenye mchoro wa pekee) kutoka seti, yaani toleo la kadi, iitwayo 151 ya mwaka 2023. Namba ya mbele ikizidi ya nyuma, ujue hiyo ni kadi adimu iliyoongezwa juu ya orodha ya kawaida. Mwoneshe mhudumu msimbo kwenye simu, naye atakupeleka kwenye kabati lake.

Akishaitoa, ataiweka kaunta uikague kabla ya kulipa. Usione haya kuchukua muda. Anza na mgongo: rangi ya buluu ya Pokémon huonesha haraka kingo zilizochubuka kuwa nyeupe. Kagua kona zote nne, kisha iinamishe kadi chini ya taa, kwa sababu mikwaruzo ya uso unaong'aa haionekani ukiitazama wima. Ukishalipa na kuondoka, kurudisha ni kazi ngumu.

Wachezaji, kuliko wakusanyaji, watafaidi maboksi ya bei chee yaliyopangwa sakafuni au mezani, yen 10 hadi 50 kwa kadi. Deki ya Pokémon, yaani rundo la kadi analochezea mtu mmoja, ni kadi 60, zisizozidi 4 zenye jina moja isipokuwa kadi za nishati za msingi, na nyingi za kuijazia utazipata humo. Hatujaona mahali pazuri zaidi pa kuanzia mchezo kwa fedha kidogo.

Pakiti zilizofungwa, ambazo hujui kadi zilizomo, ni habari nyingine. Katika kizazi cha kadi za Pokémon kiitwacho Scarlet & Violet pakiti ya kawaida ya kadi 5 ilipangiwa yen 180, na boksi la pakiti 30 yen 5,400. Seti inayopendwa mara nyingi huuzwa kwa bahati nasibu au kwa idadi maalumu kwa kila mtu, na baadhi ya maduka huchana plastiki ya boksi palepale kaunta ili kuwavunja nguvu walanguzi. Ukilikuta limejaa tele rafuni, tazama bei: huenda imepanda mbali na ile ya kiwandani. Pakiti moja moja zilizotolewa kwenye boksi ziepuke kabisa, kwani huwezi kujua nani alishazipima uzito na kuchagua nzito, zinazodhaniwa kuwa na kadi adimu.

Lawama yetu kubwa ni oripa, pakiti za kubahatisha ambazo duka hujifungia lenyewe. Kadi kubwa imebandikwa juu ya mashine inayoziuza, lakini zilizo nyingi ndani ni za bei ya chini kuliko ulicholipa. Duka la haki huandika ubaoni idadi ya pakiti zote na kufuta zawadi zilizokwishatoka. Pasipo na ubao huo, pita.

Mgeni asitegemee kuuza. Sheria ya biashara ya vitu vilivyotumika inawabana wenye maduka kuhakiki muuzaji ni nani, na wengi hudai anwani ya Japani.

Kabla ya kununua deki nzima, fikiria utaichezea wapi. Mashindano rasmi ya Pokémon na Yu-Gi-Oh! Ulaya na Marekani hayapokei kadi za Kijapani. Magic hupokea lugha yoyote. Vifuko navyo si saizi moja: Pokémon, Magic na One Piece ni milimita 63 kwa 88, Yu-Gi-Oh! ni 59 kwa 86, na ukiitia kwenye kifuko kikubwa itacheza ndani na kuchubuka kingo.

Kwa anayezirudisha Mombasa, Zanzibar au Dar, adui ni unyevu. Karatasi hunyonya maji ikatanuka, tabaka linalong'aa halitanuki, basi kadi hupinda kuelekea usoni. Zivishe vifuko viwili, cha ndani kinachobana mdomo ukielekea chini, cha nje mdomo juu, kisha uziweke kwenye kopo lenye mfuniko wa kubana. Pakiti ndogo ya kukausha unyevu inatosha. Ukizidisha, kadi hukauka mno na kupinda upande wa pili.