Uzoefu wangu: siku tatu za mafunzo ya wanyunyiziaji wa viuatilifu

Siku ya kwanza tulinyunyizia maji matupu, au ndivyo tulivyodhani. Mkufunzi alikuwa ametia ndani yake rangi isiyoonekana kwa macho, inayong'aa tu ikimulikwa na taa ya miale ya urujuanimno. Tulivaa kama tunavyovaa kazini, tukapiga bomba la mgongoni kwa dakika 20, tukavua, tukanawa kama tulivyozoea, kisha tukaingizwa kwenye chumba chenye giza. Taa ilipowashwa nilishtuka. Pembeni mwa kucha zote kulikuwa kunawaka. Mgongoni, mahali mfuniko wa bomba unapovujisha matone, palikuwa na doa kubwa kama sahani. Shavuni zilionekana alama za vidole vyangu mwenyewe, nilipojifuta jasho nikiwa na glavu. Na mbele ya suruali pia, kwa sababu nilikwenda haja kabla ya kunawa.

Nina miaka 9 katika kazi hii, na miaka yote hiyo nilikuwa nalinda pua. Nilijifunga kitambaa usoni nikaamini nimemaliza. Kumbe kwa mnyunyiziaji mlango mkubwa wa sumu ni ngozi, na ngozi haiko sawa mwili mzima: parathioni, dawa ya kuua wadudu, ilipojaribiwa kwa watu, ngozi ya korodani iliifyonza karibu mara 12 ya ile ya kigasha. Kitambaa nacho hakizuii mvuke hata kidogo, na kikishalowa kinakuwa kama bandeji yenye sumu iliyofungwa juu ya ngozi. Glavu za ngozi au za pamba ndizo mbaya kuliko zote, maana zinanyonya na kuendelea kukulisha sumu hata kesho yake. Sasa navaa za mpira wa nitraili, naziosha kwa sabuni kabla ya kuzivua, na suruali naishushia nje ya gambuti ili matone yasiingie ndani ya kiatu.

Kama ningeruhusiwa kuhudhuria siku moja tu, ningechagua ya pili, siku ya kupima bomba. Unapima mraba wa mita 10 kwa 10, unajaza maji hadi alama, unanyunyizia kwa mwendo wako wa kila siku, halafu unapima maji uliyotumia na kuzidisha kwa 100 kupata lita kwa hekta. Mimi nilitumia lita 4.6, yaani lita 460 kwa hekta. Kwa dawa ya mfano tuliyopewa, kibandiko kilisema lita 1 ya dawa ndani ya lita 300 za maji kwa hekta, na mimi ningechanganya vizuri kabisa, mililita 50 kwa bomba la lita 15. Mchanganyiko sahihi, lakini shambani ningemwaga zaidi ya lita moja na nusu ya dawa badala ya moja. Chanzo kilikuwa nozeli, yaani ncha ya bomba inayotoa matone, iliyokuwa imelika. Tuliilinganisha na mpya ya aina ileile. Ikitoa maji kuliko mpya kwa zaidi ya asilimia 10 inatupwa, na yangu ilizidi mbali. Nilikaa kimya muda mrefu nikifikiria ni kiasi gani kimeingia ardhini kupitia mikono yangu, tena kwa bidii.

Kuhusu upepo nilikuwa na uhakika kwamba alfajiri iliyotulia kabisa ndiyo saa bora. Sivyo. Hewa ya baridi ikilala chini na ya joto ikawa juu, matone madogo hayatui, yanaelea pamoja na kuhama kwenda usikokujua, wakati mwingine mbali sana. Ukiona moshi unatambaa chini bila kupanda, acha. Upepo mwepesi, kilomita 3 hadi 15 kwa saa, unaoelekea mbali na maji na makazi, ni salama zaidi kuliko utulivu ule.

Somo la mazingira lilinigusa kwa namna nyingine. Ile rangi ya mstari kwenye kibandiko, nyekundu, njano, bluu au kijani, inaeleza hatari kwa binadamu. Haimsemei samaki wala nyuki. Dawa za kuua wadudu za kundi la pairethroidi, tunazozichukulia kuwa si kali, huua samaki na wadudu wa majini kwa kiasi kidogo mno. Nami nilikuwa nasuuzia bomba mtaroni. Sasa masuuzo nayanyunyizia shambani humo humo, kwenye zao lililoandikwa kwenye kibandiko. Chupa tupu naijaza maji robo, naitikisa sekunde 30, namimina ndani ya bomba, mara tatu, kisha naitoboa ili mtu asije akaitumia kuteka maji. Zao likiwa limechanua, dawa yenye madhara kwa nyuki siipigi.

Kasoro zipo, na moja ni nzito. Huduma ya kwanza ilipewa nusu saa tu, jioni, tukiwa tumechoka. Dalili za kudhurika na dawa za kuua wadudu za kundi la ogano-fosfati tulitajiwa mbio mbio: mboni kusinyaa kama tundu la sindano, mate na jasho kufurika, misuli kurukaruka. Hatukufanya zoezi hata moja la kumvua mtu nguo zilizolowa na kumwosha. Wenzangu kadhaa waliondoka bado wakiamini kwamba maziwa na kujitapisha ni tiba, na hilo linaweza kuua. Mgonjwa apelekwe hospitali haraka, pamoja na kibandiko cha dawa aliyoitumia. Somo hilo lilistahili asubuhi nzima. Mtihani nao ulikuwa wa karatasi peke yake. Mtu angeweza kufaulu bila kushika bomba.

Jambo la mwisho nimewaandikia waandaaji, nikawaomba kwa dhati walifikirie. Walialikwa wanyunyiziaji peke yetu. Lakini ovaroli yangu, kwa miaka 9, imefuliwa na mke wangu kwa mikono mitupu, ndani ya beseni moja na nguo za watoto. Jioni ya siku ya tatu nilimsimulia habari za ile taa. Aliitazama mikono yake, kisha akaniuliza beseni tulipeleke wapi. Tangu hapo naifua mwenyewe, nikiwa na glavu, katika ndoo yake peke yake.