Uzoefu wangu: kifurushi cha gofu pwani ya Norfolk, raundi 4 usiku 3

Kifurushi kilikuwa cha usiku 3 na raundi 4 pwani ya kaskazini ya Norfolk, mashariki mwa Uingereza: Hunstanton, Royal West Norfolk pale Brancaster, Sheringham, na Royal Cromer. Viwanja vyote vinne navipa nyota 5. Kampuni iliyopanga naipa 2, tena kwa sababu tu vocha zote zilikubaliwa mapokezini. Ilipanga pwani hii kama inavyopangwa gofu ya bara, kwa kufuata vyumba vilivyobaki hotelini. Norfolk haipangwi hivyo. Unaanza na jedwali la maji kujaa na kupwa, kisha sheria za kila klabu, kisha ndipo unatafuta kitanda.

Chukua Brancaster. Klabu ilianzishwa mwaka 1892, na uwanja umelala kwenye ukanda mwembamba wa mchanga: bahari upande mmoja, kinamasi cha maji chumvi upande wa pili. Barabara pekee ya kutoka kijijini inakatiza kinamasi hicho. Bamvua (maji makuu ya bahari) likijaa, barabara inazama. Maji hayaji kwa kishindo. Yanaanza kwenye mifereji ya pembeni, yanainua nyasi na vipande vya mwani, halafu unaona lami inang'aa, na dakika chache baadaye huoni tena ukingo wa barabara uko wapi. Usijaribu kupita kwa gari. Maji ya chumvi yanaingia kwenye breki na chini ya bodi, na kampuni za kukodisha magari kwa kawaida hazifidii uharibifu wa aina hiyo. Ukikuta maji yamefunika lami, geuza, kunywa chai kijijini, ngoja yapwe.

Ratiba yangu iliweka raundi ya Brancaster saa 1:30 asubuhi, siku mbili baada ya mwezi mpevu. Aliyekulia Lamu, Tanga au Unguja angeshtuka kwa kuiona tu karatasi, maana bamvua hufuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, huku kama kwetu. Kwenye ghuba hii ya Wash na jirani zake, maji makubwa ya bamvua kwa kawaida hujaa asubuhi na jioni, na mchana hupwa. Kwa hiyo wiki ya bamvua omba kuanza katikati ya asubuhi, kama saa 4, maji yakiwa yanatoka. Wiki ya maji mafu, yasiyojaa sana, huna wasiwasi mkubwa. Kila siku maji huchelewa kwa takriban dakika 50, kwa hiyo ukisogeza raundi kwa siku mbili au tatu unakuwa umebadilisha hali kabisa.

Kuna mtego kwenye majedwali yenyewe. Mengi huchapishwa kwa saa za Greenwich, wakati Uingereza kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba husogeza saa mbele kwa saa 1. Jedwali likisema 06:40 mwezi Juni, maji yatajaa 07:40, yaani saa 1:40 asubuhi kwa hesabu yetu. Angalia maandishi madogo juu ya ukurasa kujua kama saa hiyo imeshaongezwa. Halafu zingatia upepo wa kaskazini: ukivuma kwa nguvu siku moja au mbili, Bahari ya Kaskazini hurundika maji upande huu na yanapita kipimo cha jedwali. Usiku wa tarehe 5 Desemba 2013 pwani hii yote ilipigwa na mafuriko ya namna hiyo. Piga simu klabuni jana yake, uliza swali moja tu: barabara kesho itafungwa saa ngapi hadi saa ngapi? Wanalijua jibu, wanaishi nalo.

Kosa la pili la kampuni lilikuwa la watu wanne. Vocha iliandika kila raundi kundi la watu 4, kila mtu na mpira wake. Brancaster na Hunstanton zina utamaduni wa mipira miwili: ama mnacheza wawili wawili, ama mnacheza fosamu, ambapo watu wawili wana mpira mmoja wanaupiga kwa zamu, mmoja akianzisha mashimo ya namba witiri na mwenzake ya namba shufwa. Klabu nyingine hutenga siku maalumu ya kuruhusu mipira minne, na siku hizo hubadilika, kwa hiyo pata jibu kwa maandishi kabla ya kulipa. Mkiwa wanne mkakataa fosamu, itawabidi kugawanyika makundi mawili na kuhitaji nafasi mbili za kuanzia, na siku ya Jumamosi nafasi ya pili hamtaipata.

Ushauri wangu: chezeni fosamu angalau raundi moja. Mnamaliza mashimo 18 ndani ya saa 3 bila kukimbia, kwa sababu mwenzako anatangulia mbele wakati wewe unapiga. Panga mapema nani aanzishe witiri. Tazama mashimo mafupi yameangukia namba zipi, na aliye imara kwa fimbo za chuma ndiye apewe upande huo.

Hunstanton, iliyoanzishwa 1891, ndiyo ningeiweka siku ya kwanza. Matuta yake ya mchanga yanakufundisha upepo kabla hujaenda Brancaster, na kipimo kizuri ni shimo la 16, fupi, karibu yadi 190. Mwaka 1974 mchezaji Bob Taylor alilitia mpira kwa pigo moja siku tatu mfululizo. Siku ya kwanza alitumia fimbo ya chuma namba 1, siku mbili zilizofuata namba 6. Namba ikiwa ndogo, fimbo hupeleka mpira mbali zaidi. Shimo lilelile, mtu yuleyule, tofauti ya fimbo 5, na kilichobadilika ni upepo tu. Kwa hiyo acha kuamini namba ya kwenye saa yako ya GPS. Kwa upepo wa mbele wa kama maili 10 kwa saa chukua fimbo ya kufika mbali zaidi kwa namba 1, wa maili 20 kwa namba 2 au zaidi, kisha piga taratibu. Ukipiga kwa nguvu mpira unazunguka sana, unapanda, na upepo unaubeba. Na kadi za huku ni za yadi: kama kifaa chako kiko kwenye mita, kibadilishe kabla ya shimo la kwanza.

Udongo nao ni somo. Aliyezoea nyasi za kikuyu za viwanja vya nyanda za juu Kenya, ambazo huukamata mpira na kuuinua kama kitanda, atapata tabu. Hapa nyasi ni fupi, nyembamba, ngumu, juu ya mchanga. Ukiwa mita 30 kutoka grini, yaani uwanja mdogo laini wenye shimo, weka kando fimbo ya kuinua mpira. Chukua chuma namba 7, piga kwa mkono wa kusukumia, mpira utue mapema na ubiringike. Fimbo yenye ukingo mnene chini hugonga ardhi na kuruka, unaupiga mpira tumboni, unavuka grini na kuishia ng'ambo.

Tuingie tena Brancaster, maana mashimo ya 8 na 9 peke yake yanatosha kulipia nauli. La 8 ni la mikwaju 5, na njia yake imekatwa vipande na kinamasi. Unaruka kutoka kisiwa kimoja cha nyasi hadi kingine. Bamvua likiwa ndani, sehemu hizo ni maji kabisa. Likiwa nje, ni tope na mimea ya chumvi, na mpira ukizama humo usiufuate. La 9 grini yake inalindwa na banka, yaani shimo la mchanga, lenye ukuta wa mataruma ya reli yaliyosimamishwa wima, meusi kwa umri. Mpira ukilala karibu na mbao hizo, ukipiga kuelekea grini utarudi kifuani mwako. Geuka, piga pembeni au nyuma. Au tangaza kwamba hauchezeki: kwa adhabu ya pigo 1 unadondosha ndani ya mchanga huohuo, na kwa adhabu ya mapigo 2, tangu sheria za 2019, unaruhusiwa kutoka nje nyuma ya banka kwenye mstari wa shimo. Wengi hulisahau hilo la pili, wakapoteza mapigo 4 humo ndani. Tunza nguvu pia: mashimo ya kwanza huelekea mashariki, ya kurudi huelekea magharibi, na upepo uliozoeleka wa kusini-magharibi utakuwa usoni ukiwa tayari umechoka.

Uchovu wenyewe una sababu ambayo wachezaji wa kwetu huisahau. Nairobi au Arusha unafika, kedi anachukua mfuko. Huku hakuna kedi anayekusubiri, ni lazima umwombe mapema na pengine asipatikane, na vigari vya umeme ni vichache, mara nyingi kwa wenye cheti cha daktari. Tumia mfuko mwepesi wenye miguu. Punguza fimbo kutoka 14 hadi 10 au 11. Beba glovu 2, koti la mvua lisilopiga kelele unapozungusha mikono, na kofia ya sufu hata Mei.

Kuhusu usafiri, kampuni ilitulaza usiku wote 3 Hunstanton. Kutoka hapo hadi Sheringham ni zaidi ya kilomita 50 kwa barabara ya A149, nyembamba, inayopenya kila kijiji, na kiangazi utafuata trekta au karavani. Hesabu zaidi ya saa 1 kwenda na nyingine kurudi. Laleni usiku 2 Hunstanton na 1 Sheringham. Sheringham na Cromer ni pua na mdomo, kilomita 6 au 7. Wasio na gari wanafika King's Lynn kwa treni kutoka London King's Cross, chini kidogo ya saa 2, kisha basi. Reli ya Hunstanton ilifungwa 1969. Kurudi, treni ya Sheringham hadi Norwich ni karibu saa 1, halafu Norwich hadi London kama saa 2. Wenye gari: leseni ya Kenya au Tanzania inakubalika kwa mgeni hadi miezi 12, upande wa kuendesha ni uleule, lakini omba gari lenye buti refu. Watu 4 na mifuko 4 haviingii kwenye gari dogo lililoandikwa "viti 5".

Sheringham ni juu ya majabali, na reli inapita kando ya mashimo ya mwisho. Mwaka 1920 Joyce Wethered, mwenye miaka 18, alimshinda Cecil Leitch hapa kwenye fainali ya ubingwa wa wanawake wa England, na inasimuliwa kwamba treni ilipita akisukuma mpira grini ya 17 naye asiisikie. Treni za mvuke bado zinapita njia hiyohiyo kuelekea Holt. Cromer, ya mwaka 1888, ina mnara wa taa na upepo usio na mahali pa kujificha. Ni raundi nzuri ya asubuhi ya kuondoka.

Bei: kiangazi, klabu za daraja hili zinakwenda tarakimu tatu za pauni kwa raundi. Kuanzia Novemba hadi Machi hushuka sana, na mchanga huu haushiki maji, hivyo unacheza kwenye grini halisi wakati viwanja vya bara vimejaa tope. Tatizo ni mwanga: Desemba jua linazama kabla ya saa 10:00 jioni, kwa hiyo ni raundi moja kwa siku, uanze mapema. Juni unaweza kucheza hadi saa 3 usiku.

Beba uthibitisho wa handikapu (kiwango chako cha uchezaji) kwenye simu na kwenye karatasi, maana mtandao pwani hii hukatika. Beba pia koti na tai kwa vyumba vya klabu vinavyovitaka. Ukinunua kifurushi kama nilivyofanya, mwandikie wakala kabla ya kulipa: maji yanajaa saa ngapi siku ya Brancaster, na je, vocha ya watu wanne inakubalika na klabu? Wakala wangu alijibu la kwanza kwa kunitumia utabiri wa mvua. Nilipiga simu klabuni mwenyewe, wakanisogeza hadi saa 4:20 bila malipo ya ziada, kwa simu ya dakika 3.