Miezi mitatu kwenye darasa la wanawake la jimu Mombasa: mazoezi nalipia tena, karatasi ya chakula sichukui

Nilijiandikisha wiki ya pili baada ya Idi. Ramadhani nilifuturu kama tunavyofuturu wengi hapa: sambusa, viazi karai, kaimati, tambi za sukari, na daku la wali juu yake. Lakini siisingizii Ramadhani. Mimi ni fundi wa nguo, nina miaka 47, na cherehani hunikalisha kuanzia saa tatu asubuhi mpaka magharibi. Nilipimwa presha kwenye duka la dawa ikasoma 148 kwa 94. Daktari akarudia siku mbili tofauti, ikawa palepale. Akanipa miezi mitatu nibadilishe chakula na niutembeze mwili, kisha nirudi aone kama kuna haja ya dawa. Ndipo nikaanza kutafuta jimu.

Mpwa wangu yuko Uingereza. Huniambia kwao mwezi wa Machi, baridi ikilegea na miti ikichipua, ndipo watu hutoka kwenda kukimbia. Kwetu Machi ni mwezi wa mateso. Kaskazi inakwisha, upepo umelala, joto linafika nyuzi 33, na hewa imejaa unyevu hata jasho halikauki. Jasho lisipokauka halipozi mwili, ndiyo maana mtu hutembea kidogo tu akahisi kifua kimembana. Machipuko yetu sisi ni kusi. Upepo ukigeuka na kuanza kuvuma kutoka kusini mashariki, Aprili kuingia Mei, mwili wenyewe unataka kutoka nje. Basi shoga yangu unayesoma hapa, ukitaka kuanza, anza na kusi.

Jimu yenyewe iko huku kisiwani. Jina silitaji, kwa sababu nina malalamiko na sitaki ugomvi. Ada ni shilingi 3,500 kwa mwezi. Wanawake tuna saa zetu asubuhi: mapazia yanashushwa, hakuna mwanamume anayeingia, na simu zote zinawekwa kwenye kikapu mlangoni. Kikapu hicho peke yake kilinifanya nirudi siku ya pili. Unavua buibui na mtandio ukijua hakuna picha yako itakayozunguka mitandaoni.

Kocha ni msichana mdogo, ananiita mamangu, na anaijua kazi yake. Siku ya kwanza hakunipandisha kwenye mashine ya kukimbilia. Alinipa kiti, akaniambia nikae na nisimame, nikae na nisimame, bila kushika kitu, na yeye anahesabu. Nilifika kumi na moja miguu ikaanza kutetemeka. Akanieleza kwamba goti langu linalouma linabebwa na misuli ya paja, na misuli hiyo ililala kwa miaka yote niliyokaa kwenye cherehani. Wiki tatu tulifanya hivyo, pamoja na kusukuma ukuta kwa mikono na kuinua vyuma vya kilo mbili. Wiki ya nne nikachuchumaa bila kiti. Sasa napanda ngazi za kwangu, ghorofa tatu, na kapu la soko mkononi, na sisimami njiani.

Darasa ni mara tatu kwa wiki, dakika 50 kila mara. Jumla ni dakika 150, na hicho ndicho kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linampendekezea mtu mzima kwa wiki. Jumatatu na Jumatano tuko ndani. Jumamosi tunakutana ufukweni Mama Ngina, saa kumi na mbili kasorobo, tukishatoka kuswali alfajiri. Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Unatembea haraka chini ya mibuyu, upepo wa kusi unakupiga usoni kutoka baharini, na meli inaingia bandari ya Kilindini karibu hata unaona watu juu ya sitaha. Wauza muhogo hawajafika bado, ndege wako juu. Wako wenzangu waliokuwa na aibu ya kutembea haraka mbele za watu, na dera lao na raba zao, na sasa ndio wanaotangulia. Mei mvua ya masika ilipozidi tukahamia ndani karibu mwezi mzima.

Sasa malalamiko. Maji ya kuogea ni ya kisima, yana chumvi hata sabuni haitoi povu, na bafu ni moja kwa watu ishirini. Mimi huoga nyumbani. Hilo nalivumilia, Mombasa tunaijua shida ya maji. Nisilolivumilia ni biashara ya chakula. Ukijiandikisha unaambiwa uongeze shilingi 1,500 upate mpango wako wa chakula. Nililipa. Nikapewa karatasi mbili zilizochapishwa, zilezile alizopewa mwenzangu ambaye ana umri nusu ya wangu na hana presha. Asubuhi shayiri na maziwa ya lozi. Mchana kidari cha kuku na brokoli. Usiku samaki wa salmoni. Hakuna mahali pameandikwa mbaazi, wala mchicha, wala nazi. Nilipouliza nitakula nini badala yake, mtu wa mapokezi akanionyesha mkebe wa unga wa protini, shilingi 6,000. Pesa za karatasi sikurudishiwa.

Aliyenisaidia ni yule kocha, bila malipo, tukiwa tumekaa ukutani pale Mama Ngina. Aliniuliza swali moja: kwenu mnakula vipi? Nikamwambia tunakula sinia moja, watu sita, mama yangu yuko nasi. Karatasi ilisema nipime wali wangu kwenye kikombe. Kwenye sinia utapimaje? Nilijaribu siku mbili kujipakulia sahani yangu pembeni, mama akaniuliza nina nini na nani. Mtu kujitenga na sinia kwetu si jambo dogo. Kocha akasema usijitenge, badilisha sinia. Basi wali nimepunguza vikombe viwili kwenye sufuria, na katikati naweka bakuli kubwa la mchicha au mnavu na kachumbari ya ndimu bila chumvi. Kila mkono unapita kwenye mboga kabla haujafika kwenye wali. Hakuna aliyelala njaa na hakuna aliyenung'unika, isipokuwa mwanangu wa kiume wiki ya kwanza.

Nazi sikuiacha. Naipikia wali kwa tui la pili, jepesi, na kasimile, lile tui zito la kwanza, naweka kijiko tu kwenye samaki wa kupaka siku ya Ijumaa. Mafuta ya nazi kwa sehemu kubwa ni ya aina inayopandisha kolestro, kwa hiyo tofauti ya tui la kwanza na la pili si ladha tu. Mbaazi nimezibakisha mahali pake asubuhi, zina protini na nyuzinyuzi za kutosha. Kilichokuwa kinaniharibu ni mahamri matano yaliyokuja nazo, na chai. Nilikuwa nakunywa vikombe vinne kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari. Hiyo ni kama gramu 48, nami sijala chochote kitamu bado. Sasa nakula hamri moja, na chai imekuwa ya tangawizi na iliki, nusu kijiko. Wiki mbili za mwanzo zilikuwa ngumu sana, kichwa kiliuma. Baadaye ulimi ulizoea.

Jambo ambalo karatasi yoyote ya kuchapishwa haiwezi kulijua ni hili: kusi inayotupa upepo wa mazoezi ndiyo inayochafua bahari. Vyombo vidogo haviendi mbali, samaki anaadimika, na changu uliyemnunua kirahisi wakati wa kaskazi unamwangalia tu sokoni. Zamani miezi hiyo nilikuwa nakimbilia ng'onda, samaki wa kukausha, na ng'onda ni chumvi tupu. Mtu mwenye presha anatakiwa asizidishe gramu tano za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, kwa kila alichokula. Kwa hiyo kusi hii nimepika pojo, kunde na maharagwe siku nne kwa wiki, na samaki nanunua mara moja, mbichi. Matumizi ya jikoni yamepungua, na kwangu mimi hilo lina uzito sawa na kilo.

Na kilo zenyewe: nilianza na 87, baada ya wiki kumi na mbili nina 81 na nusu. Kiuno kimepungua sentimita saba, nimejipima mwenyewe kwa tepu ya kazini. Presha ya mwisho kwa daktari ilikuwa 134 kwa 86. Hajaniandikia dawa, amesema niendelee na nirudi baada ya miezi mitatu. Usiku nalala moja kwa moja mpaka adhana. Ukiwa tayari unatumia dawa ya presha usiiache kwa kusoma maneno yangu, mwulize daktari wako.

Nimelipa miezi mitatu mingine, ya mazoezi peke yake. Anayetaka kujiunga na darasa kama hili aulize kwanza mambo mawili: saa za wanawake ni ngapi kwa wiki, na kocha ni huyohuyo au hubadilishwa kila mwezi. Na kwa wanaotoka Jumamosi, vaeni raba zenye meno. Njia za Mama Ngina huteleza mvua ikishanyesha, na mmoja wetu ameshaanguka.